Kinga Inapomlemaza Mwenyewe: Kingamwili, Neva za Mwendo na Kiswahili cha Zahanati ya Mpakani

Utangulizi

Anayesafiri kutoka Sotik kuelekea Kisii hupitia soko la Chepilat, mahali ambapo Kaunti ya Bomet inapakana na ile ya Nyamira. Upande mmoja wanaishi Wakipsigis na upande wa pili Abagusii. Pande zote mbili hulima chai na kufuga ng'ombe wa maziwa, na wakutanapo sokoni, wengi wao hununua na kuuza kwa Kiswahili. Mpaka huu wa Sotik na Borabu ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizokumbwa na ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jambo linalotosha kumwonyesha msomaji thamani ya lugha isiyoegemea upande wowote mahali kama hapo. Muuguzi Mkipsigis akimhudumia mama Mgusii, au kinyume chake, lugha ya kuelezana maradhi huwa ni hiyo hiyo ya sokoni.

Makala haya yanakusudia kueleza kundi moja la maradhi ambayo kwayo kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huziunda ili kupambana na vijidudu, huzishambulia neva za mwendo za mwili wenyewe. Huenda msomaji akauliza mada kama hii inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jawabu ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa maradhi haya, pindi yanapotoka katika maabara na kuingia katika chumba cha mgonjwa, ni ugumu wa maneno. Kenya ina Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ambayo, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, kila inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Sheria imeshatamka. Swali lililobaki ni letu sisi tunaojinasibisha na lugha hii: je, maneno yapo, na yaliyopo yanasema kweli?

Neva na mishipa

Tuanze na neva yenyewe. Wazungumzaji wengi hupenda kusema "mishipa ya fahamu", na istilahi hiyo ina mizizi mirefu. Tatizo ni kwamba mshipa katika Kiswahili hubeba mizigo mingi mno. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na wapo wanaosema mshipa wakikusudia ngiri au kano. Mgonjwa akiambiwa kwamba mishipa yake imeshambuliwa, haielekei kwamba picha itakayomjia itakuwa ya waya unaopeleka habari. Yamkini itakuwa ya damu iliyoziba. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia neno neva, ambalo limekwisha kupata uraia katika vitabu vyetu vya sayansi.

Neva za mwendo hutoka katika ugwe wa mgongo, ule uzi mnene wa tishu unaopita ndani ya uti, na kwenda hadi kwenye misuli. Neva za hisi husafiri kinyume chake: huleta habari za mguso, joto na maumivu. Kila uzi wa neva unaweza kulinganishwa na waya wa umeme: katikati mna aksoni inayopitisha mkondo, na nje mna gamba la mafuta liitwalo mailini. Gamba hilo halikuviringishwa moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Limekatwa vipande vipande, na katikati ya kipande na kipande pana pengo dogo liitwalo kifundo cha Ranvier. Ni katika vifundo hivyo ambapo ishara ya umeme huruka kutoka kituo kimoja hadi kingine. Hapo ndipo pia palipojaa molekuli ambazo ndizo kiini cha habari yetu: gangliosaidi.

Gangliosaidi ni mafuta yaliyovikwa mnyororo wa sukari. Sehemu ya mafuta imezama katika utando wa seli, na ule mnyororo wa sukari umechomoza nje kama kibao cha anwani kwenye lango. Zipo za aina nyingi, na wataalamu wamezipa majina ya herufi na tarakimu. Iliyo mashuhuri kwa mada hii huitwa GM1, nayo hupatikana kwa wingi katika neva za mwendo.

Msomaji asiyejua muktadha

Wanafunzi wa Kiswahili tumebahatika kuwa na mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko michoro mingi ya vitabu vya tiba. Chukua neno kaa. Ni mnyama wa pwani mwenye magando, ni kipande cha moto, tena ni kitenzi cha kuketi. Sisi hatukanganyiki kwa sababu tunalisoma neno pamoja na jirani zake katika sentensi. Lakini tuseme yupo msomaji aliyeamriwa hivi: popote utakapoona herufi k-a-a, zifute. Msomaji huyo hana sentensi, hana muktadha. Ana umbo tu. Atamfuta kaa wa pwani, na atamfuta pia anayetaka kukaa.

Kingamwili ni msomaji wa namna hiyo. Ni protini yenye umbo linalokaribia herufi Y, na ncha zake mbili zimefinyangwa zishike umbo moja mahsusi na kuliacha jingine. Mwili ukiingiliwa na bakteria, seli za kinga huunda kingamwili zinazolingana na maumbo yaliyo juu ya bakteria huyo. Kingamwili ikishalishika umbo, huita kundi la protini nyingine zilizomo ndani ya damu, na hizo hutoboa utando wa adui. Kwa siku nyingi za maisha yetu kazi hiyo hufanyika bila sisi kujua, na ndiyo inayotuponya.

Sasa yupo bakteria aitwaye Campylobacter jejuni. Makazi yake ya kawaida ni matumbo ya kuku na mifugo, naye humfikia binadamu kwa nyama ya kuku isiyoiva, kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa maji machafu. Anachosababisha kwa kawaida ni kuhara kwa siku chache na kupona. Hata hivyo, baadhi ya aina zake zimejivika nje sukari ambazo mpangilio wake ni sawasawa na ule wa GM1. Hii ni homonimia ya kikemia: umbo moja, wamiliki wawili. Mwili unaunda kingamwili dhidi ya bakteria, bakteria anakwisha, na kingamwili zilizobaki zinaendelea kusoma. Zinafika kwenye kifundo cha Ranvier, zinaiona sukari ile ile, na zinafanya zilivyoagizwa.

Matokeo yake huanza kuonekana wiki moja hadi tatu baada ya kuhara. Ajali hii ni adimu: hukadiriwa kuwa takriban mtu 1 kati ya kila 1,000 wanaoambukizwa bakteria huyu hupata maradhi ya neva. Si kila aina ya Campylobacter iliyo na sukari hiyo, wala si kila mwili unaoijibu kwa namna hiyo.

Wafaransa watatu, watoto wa China na sungura

Maradhi yenyewe yalijulikana kabla ya mtu yeyote kuwaza habari za kingamwili. Mwaka 1859 daktari Mfaransa, Jean Landry, alieleza ugonjwa wa kupooza unaopanda kutoka miguuni. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl waliandika kuhusu askari wawili waliolegea miguu na mikono kisha wakapata nafuu. Waliona kwamba maji yanayozunguka ugwe wa mgongo wa askari hao yalikuwa na protini nyingi ilhali seli hazikuongezeka, dalili ambayo madaktari huitafuta hadi leo. Ugonjwa ukaitwa Guillain-Barré. Strohl, aliyekuwa mdogo wa kundi, jina lake likaachwa njiani. Historia ya istilahi nayo ina dhuluma zake.

Hatua kubwa iliyofuata ilipigwa mashambani. Mwaka 1991 kundi la madaktari wa China na Marekani lilichapisha maelezo ya ugonjwa wa kupooza uliokuwa ukiwashika watoto na vijana wa vijijini kaskazini mwa China, hususan wakati wa kiangazi. Uliofikiriwa kuwa polio haukuwa polio. Neva zao za mwendo ndizo zilizoathirika, na za hisi zikasalimika. Wengi wa wagonjwa wa aina hiyo walionyesha dalili za kuambukizwa Campylobacter siku za karibuni. Huko Japani, Nobuhiro Yuki na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 1990 kwamba baadhi ya waliopooza baada ya kuhara walikuwa na kingamwili dhidi ya GM1, na mwaka 1993 wakathibitisha kwamba sukari ya bakteria na ile ya neva zinafanana. Mwaka 2004 walikamilisha hoja: sungura waliodungwa sukari hiyo yenye mafuta, iliyotolewa kwa bakteria wa mgonjwa, waliunda kingamwili dhidi ya GM1 na wakalegea viungo.

Inafaa kutahadharisha kwamba jina Guillain-Barré linakusanya aina zaidi ya moja. Aina inayoharibu gamba la mailini ndiyo iliyo maarufu Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo kingamwili mahsusi haionekani. Aina inayoishambulia aksoni ya neva za mwendo, ambayo ndiyo yenye uhusiano wa wazi na GM1, huonekana zaidi katika sehemu za Asia na Amerika ya Kusini.

Afrika Mashariki haikuwa nje ya habari hii. Mwaka 1988 M. Bahemuka alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 54 wa Guillain-Barré nchini Kenya, na mwaka 1996 William Howlett na wenzake walilinganisha wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania na wale wa magharibi mwa Norway. Kwa hiyo anayedhani kwamba haya ni maradhi ya wageni hana hoja. Duniani kote hukadiriwa kuwa watu 1 hadi 2 kati ya kila 100,000 huyapata kila mwaka.

Maziwa ya Sotik

Ng'ombe na kuku ndio utajiri wa nyumba nyingi za Chepilat, na Sotik ina kiwanda cha maziwa cha New KCC. Msomaji asije akaondoka na dhana kwamba mursik ndiyo ya kulaumiwa. Katika utengenezaji wake wa kawaida maziwa huchemshwa kwanza, yakaachwa yapoe, ndipo yanapotiwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya senetwet. Mchemko unatosha kumuua Campylobacter. Chai ya maziwa, inavyotokota katika sufuria za Bomet na Nyamira, ni salama zaidi. Hatari ipo katika maziwa mabichi yanywewayo moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe, katika kuku aliyebanikwa nje ilhali ndani bado ana damu, na katika kisu kilichomkata kuku mbichi kisha kikaikata kachumbari bila kuoshwa.

Neno kinga na mizigo yake

Turudi kwenye lugha. Neno kingamwili limeundwa vyema: kinga na mwili, jina linalosema kazi yake. Lakini mkazi wa ukanda wa chai amelisikia katika mazingira matatu yasiyopatana.

La kwanza ni chanjo. Mama anaambiwa kwamba mtoto akidungwa, mwili wake utaunda kingamwili. Hapo neno hilo ni ngao. La pili ni kipimo cha VVU. Kericho ni mahali ambapo, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wafanyakazi wa mashamba ya chai wameshiriki katika tafiti za VVU zilizoendeshwa na KEMRI pamoja na taasisi ya Walter Reed ya Marekani. Vipimo vya haraka vya VVU hutafuta kingamwili, na zikionekana, maana yake ni kwamba virusi vimekwisha kuingia. Hapo neno hilo si ngao tena; ni nyayo za mwizi. La tatu ndilo letu: kingamwili iliyo jeraha lenyewe.

Zaidi ya hayo, UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na kwa zaidi ya miaka 30 umma umefundishwa kwamba ugonjwa wa kinga ni ugonjwa wa kupungukiwa. Mgonjwa wa Guillain-Barré akiambiwa tu kwamba "una ugonjwa wa kinga", si ajabu familia ikanong'onezana kuhusu VVU, au ikaenda sokoni kutafuta dawa ya kuongeza kinga, jambo ambalo halihusiani kabisa na shida yake. (Ni kweli kwamba ugonjwa huu huweza kumtokea mtu aliyeambukizwa VVU karibuni, na daktari atakayeomba kipimo hicho atakuwa na sababu. Hilo nalo linahitaji maneno ya makini ili lisieleweke kuwa tuhuma.)

Tutauitaje, basi, ule mkanganyiko wa kingamwili? Wapo watakaopendelea kingamwili asi. Jina hilo linavutia, tena linaafikiana na methali yetu isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Kwa maoni yangu halifai. Aliyeasi ameijua amri akaikataa, ilhali kingamwili ya GM1 imeitii amri hadi mwisho. Methali nayo inatupa picha ya kunguni: adui aliyejificha. Hapa hakuna adui aliyejificha. Pana mtumishi mwaminifu aliyepewa anwani inayolingana na nyumba mbili.

Kivumishi kinachofaa ni potofu. Msomaji atakumbuka tofauti iliyopo katika matumizi ya potofu na potovu, maneno yanayotengana kwa konsonanti moja tu, yote mawili yakitokana na kupotea na kupotoka. Husema dhana potofu tukikusudia dhana iliyokosea ukweli, na husema tabia potovu tukikusudia tabia iliyooza. Kingamwili potofu, kwa f, ni iliyokosea njia. Kwa v itakuwa tumeihukumu, na pamoja nayo tumemhukumu mwenye mwili. Mgonjwa anayeuliza amefanya kosa gani hadi mwili wake ukamgeuka anastahili ile f.

Kupooza kwa aina nyingi na pumzi moja

Neno jingine lililo na mzigo ni kupooza. Kiswahili hutumia kitenzi hicho kwa kiharusi, kwa polio, kwa aliyeanguka kutoka mtini akavunjika mgongo, na kwa Guillain-Barré. Kiharusi kwa kawaida hushika upande mmoja wa mwili, ghafla, kwa dakika au saa. Guillain-Barré huanza miguuni, pande zote mbili kwa pamoja, mara nyingi kwa ganzi au mchonyoto nyayoni, kisha udhaifu ukapanda siku baada ya siku. Daktari akigonga chini ya goti kwa kinyundo, mguu hautupiki. Udhaifu hufikia kilele chake kabla ya wiki 4 kwisha.

Kwa watoto walio chini ya miaka 15, Kenya ina mtandao wa kufuatilia kila tukio la kulegea viungo kwa ghafla, ulioanzishwa kwa ajili ya kuitafuta polio. Sampuli mbili za kinyesi huchukuliwa, zikiachana kwa angaa saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea kuanze, na hupelekwa katika maabara ya KEMRI jijini Nairobi. Afrika ilithibitishwa kutokuwa na virusi asilia vya polio tarehe 25 Agosti 2020, na miongoni mwa watoto wanaobainika hawana polio, Guillain-Barré ni sababu kubwa. Mtandao huo ni hazina. Hata hivyo jawabu linalorudi nyumbani mara nyingi huwa ni la kukanusha: si polio. Jina linaloanza na "si" halimwelezi mzazi kitu, wala halimwambii ni nini cha kuogopa.

Na cha kuogopa kipo. Udhaifu ukipanda hadi kifuani, misuli ya kupumua hulegea, na kati ya asilimia 20 na 30 ya wagonjwa huhitaji mashine ya kupumulia. Sauti hufifia, mgonjwa hupaliwa na maji, kikohozi hukosa nguvu. Anaweza kuwa ametulia kabisa, anazungumza, huku pumzi ikipungua.

Kuna njia rahisi ya kulitambua jambo hili mahali pasipo na vifaa: mgonjwa huvuta pumzi kwa nguvu na kuhesabu kwa sauti hadi pumzi iishe. Vitabu vya Kiingereza humtaka afike 20 au zaidi. Hapa mwanaisimu ana neno la kusema. Kuhesabu kutoka moja hadi 20 kwa Kiingereza kunahitaji silabi 32. Kwa Kiswahili, moja hadi kumi ni silabi 20, maana kila namba ina silabi mbili, tukiihesabu n ya nne kuwa silabi kamili. Kumi na moja hadi kumi na tisa ni silabi 5 kwa kila namba, jumla 45. Ishirini ina silabi 4. Jumla yote ni 69, zaidi ya maradufu ya zile za Kiingereza.

Maana yake ni kwamba kiwango kilichowekwa kwa lugha moja hakihamishiki tu kwa lugha nyingine. Muuguzi anaweza kumtaka mgonjwa ahesabu moja hadi kumi, kisha arudie tena. Hapo silabi zitakuwa 40, na mwendo utakaribia ule wa vitabuni. Lililo muhimu zaidi ni kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe, kwa lugha ile ile na kwa kasi ile ile, kila baada ya saa chache. Aliyefika kumi na nane asubuhi na sasa anaishia tisa anapaswa kuwa njiani kwenda hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi, iwe Tenwek upande wa Bomet au Kisii upande wa pili, kabla ya giza kuingia.

Tiba ya kingamwili kwa kingamwili

Tiba zilizothibitishwa ni mbili, na nguvu zao zinalingana. Ya kwanza ni kuubadilisha utegili, yaani yale maji ya damu yanayobeba kingamwili: damu hutolewa, utegili hutengwa na kutupwa, seli hurudishwa. Ya pili ni kumtilia mgonjwa mshipani kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangiaji wa damu. Dozi ya kawaida ni gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 5. Mtu wa kilo 60 huhitaji gramu 24 kwa siku, jumla gramu 120. Dawa hiyo ni ghali mno, na gharama ndiyo mara nyingi inayoamua.

Kwa lugha ya kawaida maelezo haya yanachekesha: kingamwili zimekudhuru, nasi tunakuongezea kingamwili. Mgonjwa ana haki ya kushangaa. Aelezwe kwamba wingi wa kingamwili za watu wengine huzizima zile potofu na kuzuia zile protini zinazotoboa utando. Vidonge vya steroidi, vinavyosaidia katika maradhi mengi ya kinga kujishambulia, hapa havisaidii. Wengi hupona, lakini kwa mwendo wa konokono: aksoni iliyokatika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi kidoleni ni safari ndefu.

Mkono wa mchuma chai

Limebaki tawi moja la ukoo huu, nalo ni adimu kuliko yote. Katika Guillain-Barré kingamwili huja kwa kishindo na kuondoka. Lipo gonjwa jingine ambalo huja polepole na kukaa miaka. Hushambulia neva za mwendo moja moja, hapa na pale, na hupenda kuanzia mkononi. Alan Pestronk na wenzake walilieleza mwaka 1988 nchini Marekani, wakaonyesha uhusiano wake na kingamwili za GM1 za aina ya IgM.

Tuchukulie mchuma chai ambaye kazi yake ni kukwanyua majani mawili na kichipukizi maelfu ya mara kwa siku. Kifundo cha mkono wake wa kulia kinaanza kuinama, vidole havinyooki, na mwaka unaofuata kidole gumba kinadhoofu. Ataambiwa ni kazi, na huenda ikawa ni kazi. Akifika kwa daktari, hofu kubwa itakuwa ni ule ugonjwa wa kufa kwa niuroni za mwendo, usio na tiba ya kuuponya. Kuyatofautisha magonjwa haya mawili ni suala la uhai, kwa maana hili la kingamwili huitikia tiba ile ile ya kingamwili za wachangiaji, ingawa hapa lazima irudiwe kila baada ya majuma kadhaa. Steroidi zaweza kulizidisha.

Kipimo cha damu cha GM1 husaidia, ila kwa masharti. Takriban nusu tu ya wagonjwa huonekana na kingamwili hizo. Kwa hiyo "hasi" katika karatasi ya maabara haina maana kwamba ugonjwa haupo, kama vile "chanya" katika karatasi hiyo hiyo si habari njema, ijapokuwa Kiswahili cha magazeti kimetuzoesha kwamba matokeo chanya ni ya kushangilia. Kipimo cha umeme wa neva, kinachoonyesha mahali ambapo ishara inakwama, hueleza zaidi. Na kabla ya vipimo vyote viwili upo uchunguzi usiogharimu chochote: mgonjwa afumbe macho, aguswe ncha za vidole kwa pamba. Mchuma chai wetu atausikia mguso kila mara na kuutaja ulipo, kwa kidole ambacho hawezi kukinyanyua.